Mkubwa kwa Mhuri

Bweni la watu wazima, chumba namba saba
12 Septemba

Dada Kijiti,

Shikamoo. Au niitikie marahaba? Maana tangu wiki iliyopita mimi ndiye mkubwa. Ofisi ya uhamiaji imeandika, imepiga mhuri, na mhuri haubishani na mtu.

Afisa ustawi ataisoma barua hii ya kwanza kabla yako, kwa hiyo naandika kwa adabu. Nashukuru wametukubalia hata hili. Simu yetu bado wanayo, wanasema ni kielelezo.

Siku ile kwenye korido walipotutenganisha ulikuwa unalia, sikupata nafasi ya kukueleza. Baada yako waliniingiza mimi kwa daktari wa picha. Akalaza kiganja changu cha kushoto juu ya bati la baridi, akaniambia nisitikisike. Kisha akapiga picha ya meno, kisha mfupa wa mtulinga, huu ulio chini ya shingo. Ana kitabu kikubwa chenye picha za mikono ya watoto, umri kwa umri, naye analinganisha. Nikamuuliza mkalimani, "Hao watoto wa kwenye kitabu ni wa wapi?" Akasema ni wa zamani sana, tena si wa kwetu. Basi mkono wangu ukalinganishwa na mikono ya watoto nisiowajua, ambao labda hawajawahi kutwanga wala kubeba ndoo, ukaonekana umekomaa. Mifupa imefunga. Magego ya mwisho yanachungulia. Ofisi ikaandika miaka kumi na tisa. Wewe magego ya mwisho huna hata dalili, na mkono wako wakasema ni wa mtoto. Kumi na tano.

Mimi nina miaka kumi na sita na miezi minne, Dada, na wewe ndiye wa kumi na tisa. Tulisema ukweli sote wawili, wao wakaona tumebadilishana. Sasa faili langu linasema kwamba mimi ni mwanamke mtu mzima niliyesafiri na mtoto, nikamfundisha aseme ni mkubwa. Wananidhania mfanyabiashara wa watoto! Mimi niliyekubeba mgongoni siku mbili ulipopata homa njiani.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, waambie. Wewe sasa ni mtoto, watakusikiliza. La pili, mwandikie Mama atutafutie kadi zetu za kliniki, zile zenye tarehe za kuzaliwa, azitume kwako. Hapa kwetu barua zinamwagwa kwenye boksi moja mlangoni na kila mtu anachakura. Usimwambie kuhusu faili langu. Ana mguu wake mbovu na ana Bibi wa kumuuguza, inamtosha.

Wamenipa hata siku ya kuzaliwa, tarehe moja Januari. Chumbani tuko wanane, na sita kati yetu tumezaliwa siku hiyo hiyo. Tumepanga kununuliana keki.

Mdogo wako wa kweli,
Bonge


Kwa mama mlezi
30 Septemba

Mdogo wangu Bonge,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi mbaya. Niliisoma mara tatu.

Mimi sijambo. Wameniweka kwa mama mmoja mjane, fundi wa kushona mapazia. Nyumba yake ni nyembamba, ghorofa mbili, ngazi zinalia kila ukikanyaga. Nina chumba changu. Sijawahi kulala chumba peke yangu, usiku wa kwanza sikupata usingizi nikikosa kukoroma kwako. Dirisha langu linaangalia uwanja wa shule, na shuleni nimeanza Jumatatu. Wamenipa begi, kalamu na viatu vyeusi. Nakaa meza moja na msichana mwenye vidimbwi mashavuni anayenisaidia kusoma ubao.

Usinionee wivu, Bonge. Usidhani ni raha tupu. Nakaa na watoto wanaocheka kila mtu akijikwaa.

Ulilosema nimelifanya. Nilimwambia afisa ustawi, akatikisa kichwa tu, akaandika kitu. Nitamwambia tena. Mama nimemwandikia.

Kula vizuri. Wewe una nguvu, siku zote ulikuwa nazo.

Dada yako,
Kijiti


Bweni
15 Novemba

Dada,

Uliponiambia nisikuonee wivu ndipo nilipoanza.

Kabla ya hapo nilikuwa na hasira tu, na hasira naijua, huja ikapita. Hii haipiti. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha kufua nguo za hospitali. Mashuka yanakuja kwenye mikokoteni, yana damu na dawa na vitu nisivyotaka kuviandika, sisi tunayachambua, tunayaingiza kwenye mashine zenye mlango wa mviringo, kisha tunayanyoosha. Asubuhi basi la wafanyakazi linapita mbele ya shule moja. Si yako, yako iko mji mwingine, lakini naona wasichana wenye mabegi na nageuza uso. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza darasa, Dada. Wewe ulikuwa kitandani na mimi ndiye niliyekuja na daftari nikakusomea. Unakumbuka? Nakuuliza kwa sababu barua yako yote haikutaja.

Nakuonea wivu begi. Viatu nakuonea wivu. Hata yule wa vidimbwi simjui na namwonea wivu.

Niandikie ukurasa mmoja wa hesabu mnazofanya. Mmoja tu. Nitaufanya wakati wa chai.

Msimamizi wetu hapa ananiita "mama". Nilipomwambia nina miaka kumi na sita alicheka mpaka akashika mashine.

Bonge


Kwa mama mlezi
8 Desemba

Bonge,

Ukurasa huo hapa. Swali la nne sijui jibu lake, kwa hiyo usiniulize.

Umenitolea yako ya moyoni, na mimi nikutolee yangu. Nina miaka kumi na tisa na naomba ruhusa ya kwenda dukani. Mama mlezi ni mtu mwema, lakini ananipima homa kwa mgongo wa mkono kila asubuhi, ananifunga skafu, ananiuliza kama nimekojoa kabla hatujapanda basi. Saa tatu taa inazimwa. Wewe una kitambulisho cha kazi chenye picha. Unaamka, unatoka, unarudi, hakuna anayekuuliza.

Na ukitaka kujua, hii si ya leo. Nyumbani Mama akiwa na shida aliita jina lako. Mimi aliniuliza tu kama nimekunywa dawa. Kuni wewe, maji wewe, kwenda kuongea na mwenye nyumba wewe, na ulikuwa na miaka kumi na mmoja! Nimepata barua yake wiki jana, ameandikiwa na mkunga wa zahanati. Ina mistari minne, na mitatu inakuuliza wewe.

Kadi bado. Anasema rejista za zahanati zilihamishwa baada ya moto, mkunga anazitafuta.

Dada yako,
Kijiti


Bweni
20 Februari

Dada,

Samahani niliondoka Jumapili bila kumaliza chai.

Nilikuambia nawahi basi. Basi lilikuwa la saa kumi na moja, na mimi niliondoka saa nane, nikakaa kituoni saa tatu nzima. Miezi mitano nimeomba kibali cha kukutembelea. Wamenipa saa sita, na afisa akakaa sebuleni kwenu na gazeti lake, akihakikisha sikuibi. Nilivaa koti la kuazima. Nilikuwa nimepanga nikuone tu, nikukumbatie, nione unanenepa.

Umenenepa. Chumba chako ni kizuri. Nilikaa kitandani kwako, nikapapasa lile blanketi, roho ikaniuma mpaka nikaona haya mwenyewe. Mama mlezi alikuja akakurudishia nywele nyuma ya sikio bila hata kukuangalia, huku anaongea na mimi, mkono wake unajua njia. Nani amenigusa mimi hivyo tangu tuondoke? Hata hilo ningelimeza.

Lakini akaja yule mwalimu wako mlangoni kuleta kitabu, nawe ukanishika bega ukasema, "Huyu ni dada yangu mkubwa."

Kwa kinywa chako. Hukuulizwa. Ungeweza kusema "ndugu yangu" na mambo yangekwisha.

Bonge


Kwa mama mlezi
1 Machi

Bonge,

Ulitaka niseme nini mbele ya mwalimu, na afisa amekaa hatua tatu kutoka pale? Nianze kumweleza mifupa? Lilinitoka. Shuleni naulizwa habari zako na siku zote nasema hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Na kuhusu siku hiyo, wewe umeona sikio langu. Ngoja nikwambie nilichokiona mimi. Cherehani ya mama mlezi ilikuwa imekwama wiki mbili. Mimi naishi hapa, nimeipita kila siku. Wewe umeingia, umeitazama, umeomba bisibisi, dakika kumi inaimba. Tangu Jumapili hiyo nyumba hii haina habari nyingine. "Dada yako ni hodari." "Dada yako ana mikono." "Dada yako angekuwa hapa." Nilidhani nimepata mahali pamoja duniani ambapo wewe hujafika kabla yangu. Umefika, umekaa saa mbili, umepachukua.

Kadi bado.

Kijiti


Bweni
9 Agosti

Dada,

Najua hatujaandikiana tangu Machi. Ningeendelea kununa, lakini imebidi.

Nimekataliwa hifadhi. Barua ilikuja Alhamisi, kurasa sita, nimeagizwa kuondoka nchini. Wameandika kwamba nilidanganya umri, na kwamba kuna mashaka juu ya "uhusiano wake na mtoto aliyekuwa naye". Mtoto ndiye wewe. Nimepata wakili wa msaada, mwanamke mfupi anayekula karanga huku akisoma. Amekata rufaa, hawawezi kuniondoa mpaka isikilizwe. Ila amesema wazi, "Bila karatasi ya kuzaliwa tunabishana na picha, na picha haina masikio." Karatasi ikipatikana na rufaa ikaamuliwa kabla sijatimiza kumi na nane, yaani kabla ya Mei, nitarudishwa kwenye kundi la watoto na kupewa shule na mlezi, kama wewe. Nikishavuka hapo wanaweza kunisafisha jina tu.

Kwa hiyo tuache mambo ya sikio na cherehani. Kadi zimefikia wapi? Tafadhali, Dada.

Mdogo wako,
Bonge


Kwa mama mlezi
25 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Nimelia niliposoma. Usikate tamaa, wakili huyo anaonekana mtu makini. Nimeulizia posta mara mbili na nitaulizia tena. Mambo ya nyumbani unayajua, kitu cha siku moja kinachukua mwaka.

Nakutumia skafu ya sufu, mama mlezi ameifuma. Ilikuwa yangu lakini itakufaa zaidi, huko kwenu kuna upepo.

Nakuombea.

Dada yako akupendaye,
Kijiti


Nyumbani
2 Novemba

Mwanangu Bonge,

Anayeandika ni mkunga, maneno ni yangu.

Nimeshangaa kupata barua yako ukiniuliza kadi. Nilizituma mwezi wa kwanza, zote mbili, pamoja na barua ya zahanati yenye mhuri. Dada yako alinijibu kwamba zimefika salama mwezi wa pili, na akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mbona hajakupa? Au ofisi imezichukua? Nieleze vizuri, nimekosa raha.

Mguu naendelea nao. Bibi anakusalimu, anauliza kama huko wanakushibisha. Nimemwambia wewe hushibishwi, unajishibisha.

Mwangalie dada yako. Unajua kifua chake.

Mama


Bweni
19 Novemba

Kijiti,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mama. Isome.

Mwezi wa pili. Nilikuja kwako mwezi wa pili.

Usiniandikie kuhusu posta. Wakili sijamwambia kitu, zipeleke mwenyewe.

Bonge


Kwa mama mlezi
26 Februari

Bonge,

Nimeandika barua hii mara tisa tangu Novemba nikaichana. Zote nilianza na "samahani" na zote zilikuwa zinajitetea. Hii nakueleza tu yaliyotokea.

Kadi zilifika tarehe kumi na nne Februari mwaka jana, siku mbili kabla hujaja. Nilizifungua kwenye ngazi. Yako ya bluu, yangu ya kijani, chati yangu ya uzito imejaa alama nyekundu, yako inapanda moja kwa moja kama mtu anayejua anakokwenda. Nikaziweka chini ya godoro. Ulipokuja ulikaa juu yake. Uliponiuliza ngazini kama kuna habari yoyote toka nyumbani, nilisema hakuna, ukanipiga begani ukaniambia tuvumilie.

Kuna la zamani zaidi. Siku ile ya korido, baada ya picha, afisa alinikalisha akaniuliza polepole, kama anavyoulizwa mtoto, "Nani alikufundisha useme una kumi na tisa? Yule mkubwa?" Alikuwa amenipa chai ya moto. Aliuliza mara mbili na mara mbili nilinyamaza, na ukimya wangu akauandika kuwa ndiyo. Niliona kalamu ikiandika. Nilipokuambia nimemweleza ukweli nilikudanganya. Sikumweleza, si mara ya kwanza wala baadaye.

Niliogopa kufukuzwa, hilo lipo. Lakini woga peke yake ningekwisha kuushinda, Bonge. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Miaka yote nimekuwa dada mkubwa wa kubebwa. Wewe ulikuwa unanisomea daftari na mimi nilikuwa nakuchukia kwa sauti yako isiyokwama. Ikatokea mgonjwa wa kitanda akatengewa kiti, akapewa begi, na wewe ukaachwa nje. Nilijiambia, mara moja tu. Mwache na yeye aone. Aliyekula nguoni mwako ni mimi, na nilijua ninachokula.

Ile barua ya Agosti ulipoandika "Tafadhali, Dada", nilizitoa chini ya godoro nikazibeba mpaka mlango wa ofisi. Nikarudi. Siku iliyofuata kulikuwa na mtihani, nikasema baada ya mtihani. Halafu ukaja wa pili. Halafu barua ya Mama.

Wiki iliyopita nilizipeleka. Nilimwambia mama mlezi kwanza, mezani. Alikuwa anapinda pindo la pazia. Aliacha sindano katikati ya kitambaa, akaniuliza, "Kwa hiyo una miaka ishirini?" Nikasema natimiza ishirini na mmoja mwezi ujao. Akasema, "Na yule aliyetengeneza cherehani ni mtoto." Kisha akaenda jikoni, akafungulia maji, akayaacha yakimwagika muda mrefu. Alirudi akaniambia nivae koti, akanisindikiza ofisini mwenyewe. Njiani hakunifunga skafu.

Wakili wako anazo sasa. Ameomba rufaa isikilizwe haraka. Wamempa tarehe mbili Juni.

Najua Mei ni lini.

Kijiti


Chumba cha nyuma ya kiwanda
20 Juni

Mama,

Shikamoo. Msalimie Bibi, na mwambie mkunga mwandiko wake unasomeka kuliko wa wakili.

Rufaa yetu imesikilizwa na nimeshinda, ila kushinda kwenyewe ni kwa aina yake, ngoja nikueleze.

Tarehe mbili nilifika mapema. Kulikuwa na benchi refu nje ya chumba cha baraza, na Dada alikuwa ameshakaa, begi lake limejaa miguuni. Alikuwa ametoka kwa mama mlezi asubuhi hiyo hiyo, hawezi kuendelea kukaa kule, si mtoto. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Hatukukumbatiana. Nilikaa upande wa pili wa benchi, katikati wangeweza kukaa watu wanne.

Mlango ukafunguliwa, karani akachungulia karatasi yake, akasema, "Ndugu wawili? Mkubwa aingie kwanza."

Mama, tulisimama wote wawili. Mimi nimeitwa mkubwa muda mrefu kiasi kwamba miguu ilinyanyuka yenyewe. Tukaangaliana. Karani akauliza, "Sasa mkubwa ni nani?" Dada aliniangalia kama mtu anayesubiri kupigwa. Ningeweza kuendelea kusimama. Kusema kweli nilitaka, nilitaka aone inavyokuwa mtu akichukua nafasi yako mbele ya macho yako nawe huna la kusema. Halafu nikakaa. Nikamwambia karani, "Ni huyo." Dada akaingia.

Nilipoitwa mimi nikakuta picha zetu zimewekwa kwenye kioo chenye taa, mkono wangu na mkono wake, kando kwa kando. Walikuwa wamemwita daktari wa kike, mtaalamu wa meno na mifupa. Alisema wako watu ambao hawaoti magego ya mwisho maisha yao yote, na kwamba mtoto aliyeugua miaka mingi mifupa yake huchelewa, na msichana mwenye afya mifupa ya kiganja inaweza kufunga akiwa na kumi na sita. Magonjwa yote ya Dada yalikuwa kwenye kadi ulizotuma. Yule daktari wa kwanza alikuwepo pia. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini aliandika kumi na tisa. Akafungua faili lake akasoma, "Niliandika kati ya kumi na sita na ishirini." Akalifunga. "Aliyechagua kumi na tisa si mimi."

Wakili wangu aliacha karanga.

Basi jina langu limesafishwa. Mimi si mfanyabiashara wa watoto, ni mtoto niliyeandikwa vibaya. Ila nilitimiza kumi na nane tarehe kumi na nne Mei, unakumbuka wewe kuliko mtu yeyote, na hapo ilikuwa tarehe mbili Juni. Siku kumi na tisa. Mwenyekiti alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, lakini shule ya watoto na mlezi ni vya watoto. Amri ya kuniondoa imefutwa. Nimeruhusiwa kukaa, na jioni naweza kusoma darasa la watu wazima. Nilitoka nje nikajifungia chooni nikalia, kisha nikanawa.

Dada hawajamwadhibu, kwa sababu kadi alizileta mwenyewe. Kibali chake bado wanakiangalia. Shule amekatishwa ikiwa imebaki mihula miwili apate cheti. Sasa yupo na mimi kiwandani, nimemwombea kazi kwa msimamizi, anakunja taulo kwa sababu mashuka yanamshinda uzito. Mama mlezi alikuja Jumapili na mapazia ya dirisha letu. Alituletea ya urefu tofauti, moja linagusa sakafu. Alikaa kidogo, hakujua amwangalie nani, mwishowe akaomba bisibisi akayaning'iniza mwenyewe.

Umeniuliza kama tunapatana. Tunakaa chumba kimoja. Ana daftari zake zote za shule na ananifundisha hesabu tukitoka kazini. Nikikosea anacheka, nikipatia ananuna. Juzi nilimaliza ukurasa uliomchukua yeye wiki nzima, akaenda kulala bila kula. Mimi nami nikiona mwandiko wake, jinsi alivyosahihishiwa na mwalimu kwa wino mwekundu, "vizuri sana", nafunga daftari nakaa nje kwenye ngazi mpaka moyo ushuke. Siwezi kukwambia umeshashuka. Lakini jana alipokohoa niliamka nikamchemshia maji kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika.

Kuhusu kadi ulizouliza kwa nini zilichelewa: Dada alisema kweli, zilifika mapema. Alizipeleka ofisini siku hiyo hiyo, wao ndio waliozikalia. Si unajua mambo ya mafaili, Mama. Usimwandikie kumuuliza, suala hilo limemchosha sana.

Wako,
Bonge